Mcheza Kwao Hutunzwa: Hasheem Thabeet na Vipimo Viwili vya Mchezaji wa Chuo

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Kutunza kunakotajwa katika methali hii si kulinda wala kuhifadhi, bali ni kumpa mcheza ngoma tuzo pale pale uwanjani, iwe ni leso, fedha au vigelegele. Anayecheza ngoma ileile ugenini huenda akarudi mikono mitupu, si kwa sababu miguu yake imepungukiwa na ustadi, bali kwa sababu watazamaji, wapiga ngoma na kanuni za uwanja si zile alizozizoea. Methali hii ina mafunzo makubwa kwa yeyote anayetaka kutathmini maisha ya mwanamichezo, hasa yule aliyeng'ara akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu kisha akafifia alipoingia katika mchezo wa kulipwa.

Makala hii inachunguza maisha ya Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyechezea Chuo Kikuu cha Connecticut nchini Marekani kati ya mwaka 2006 na 2009. Katika miaka hiyo mitatu alihesabiwa miongoni mwa walinzi bora kabisa wa mpira wa vikapu wa vyuo. Miaka michache baadaye, jina lake lilianza kutajwa katika orodha za wachezaji waliovunja matumaini ya timu zilizowachagua. Kimo chake kilikuwa kilekile na mikono yake ilikuwa ileile. Lililobadilika ni kipimo. Hoja kuu ya makala hii ni kwamba hukumu ya kuwa Thabeet alishindwa imetokana na kupima kazi yake ya chuoni kwa mizani ya ligi nyingine, na kwamba miaka yake mitatu chuoni inastahili kutathminiwa kama kazi kamili iliyojitegemea.

Jina na chimbuko

Thabeet alizaliwa jijini Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Jina lake kamili ni Hashim Thabit Manka. Mwanafunzi wa Kiswahili atatambua mara moja kwamba Thabit ni neno lenye asili ya Kiarabu lililotupatia kivumishi thabiti, yaani imara, asiyeyumba. Tahajia ya Hasheem Thabeet, ambayo ndiyo iliyoandikwa katika magazeti ya Marekani, inafuata kawaida za Kiingereza ambapo irabu mbili zilizoambatana humwelekeza msomaji kuvuta sauti ya i. Hivi ni kusema kwamba hata kabla ya mchezaji huyu kupimwa kwa sheria za uwanja mgeni, jina lake lilikuwa tayari limevalishwa vazi la lugha ngeni.

Kama vijana wengi wa Dar es Salaam, Thabeet alikulia katika mazingira ambamo kandanda ndiyo iliyokuwa mfalme wa michezo. Mpira wa vikapu, ambao Watanzania wengi huuita mpira wa kikapu, aliuanza akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Alisoma katika Shule ya Sekondari ya Makongo, shule ya Dar es Salaam inayofahamika kwa kuthamini michezo. Baba yake aliaga dunia angali kijana. Baadaye alivuka bahari kwenda Marekani na kusoma katika shule za sekondari za huko, ya mwisho ikiwa Houston katika jimbo la Texas.

Umri huo wa miaka 15 haufai kupitwa hivi hivi. Mtoto wa Marekani anayetarajiwa kucheza katika chuo kikubwa huanza kudunda mpira akiwa na miaka sita au saba. Afikapo chuoni huwa amekwisha kujizoesha mambo ambayo mwili huyatenda bila kufikiri: namna ya kugeuka akiwa na mpira, namna ya kuweka miguu anapomkabili mshambulizi, na namna ya kupokea pasi kwa mikono iliyo tayari kutupa. Thabeet alifika Connecticut akiwa na takriban miaka minne tu ya mchezo huu. Alikuwa na kimo cha futi 7 na inchi 3, yaani mita 2.21, ila hazina yake ya mazoea ilikuwa ndogo kuliko ya karibu kila mchezaji aliyesimama naye uwanjani.

Mfumo wa michezo ya vyuo nchini Marekani

Ni muhimu kueleza mfumo ambao Thabeet aliingia, kwani unatofautiana sana na ule wa vyuo vya Afrika Mashariki. Katika vyuo vyetu, michezo aghalabu huwa ni burudani ya jioni na mashindano ya muda mfupi baina ya vyuo. Nchini Marekani, timu za vyuo huvutia umati unaojaza kumbi kubwa, michezo yao huonyeshwa kwenye runinga ya taifa zima, na kocha mkuu wa chuo kikubwa anaweza kuwa miongoni mwa watumishi wa umma wanaolipwa fedha nyingi zaidi katika jimbo lake. Chombo kinachosimamia mashindano hayo ni NCAA. Vyuo hugawanywa katika makundi yanayoshindana ndani kwa ndani, na Connecticut wakati huo ilikuwa katika kundi la Big East, mojawapo ya makundi magumu kabisa. Kila mwezi Machi, timu zilizofuzu hukutana katika mashindano ya mtoano ambapo anayeshindwa mara moja hufunga virago.

Katika enzi ya Thabeet, mchezaji wa chuo hakuruhusiwa kulipwa mshahara wala kuuza jina na picha yake kwa matangazo ya biashara. Alichopewa ni ufadhili wa masomo, malazi na chakula. Kanuni hiyo ilidumu hadi Julai 2021, wachezaji waliporuhusiwa kunufaika na majina yao, na kuanzia Julai 2025 vyuo vyenyewe viliruhusiwa kuwagawia wachezaji sehemu ya mapato kufuatia maafikiano yaliyoidhinishwa na mahakama. Hata hivyo, mwanafunzi kutoka nchi ya kigeni anayeishi Marekani kwa viza ya masomo amebaki katika hali tata, kwa kuwa viza hiyo hubana kazi za malipo anazoweza kufanya. Kwa hiyo kijana wa Kiafrika anayefuata nyayo za Thabeet leo hapaswi kudhani kwamba mabadiliko hayo yanamhusu sawasawa na mwenzake aliyezaliwa Marekani.

Kipengele kingine cha mfumo huo ni sheria ya umri. Kuanzia mwaka 2006, NBA, yaani ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, iliacha kuwapokea vijana waliotoka shule ya sekondari moja kwa moja. Mchezaji alitakiwa awe na umri wa miaka 19 na mwaka mmoja uwe umepita tangu darasa lake limalize sekondari. Thabeet alijiunga na chuo katika mwaka huohuo wa 2006. Miongoni mwa vijana wa rika lake walikuwamo Greg Oden na Kevin Durant, ambao walikaa chuoni mwaka mmoja tu kisha wakachaguliwa wa kwanza na wa pili mwaka 2007. Thabeet alikaa mitatu.

Miaka mitatu ya Storrs

Chuo Kikuu cha Connecticut kiko Storrs, mahali penye sura ya mashambani, mbali na majiji makubwa. Timu yake ya wanaume ilikuwa imetwaa ubingwa wa taifa mwaka 1999 na 2004 chini ya kocha Jim Calhoun. Ubingwa wa 2004 ulipatikana kwa mchango mkubwa wa Emeka Okafor, kijana aliyezaliwa Marekani na wazazi Wanigeria, ambaye aliacha chuoni rekodi ya kuzuia mitupo 441. Thabeet aliingia basi katika viatu vilivyokuwa na alama za mguu mkubwa.

Kuzuia mtupo ni sanaa yenye masharti. Mlinzi anaruhusiwa kuupiga mpira ungali unapanda kuelekea kikapuni. Ukishaanza kushuka juu ya kimo cha pete, haruhusiwi kuugusa, na akiugusa mshambulizi huhesabiwa pointi. Kwa hiyo urefu pekee hautoshi. Mlinzi hana budi kusoma nia ya mshambulizi kabla mpira haujaondoka mkononi, aruke kwa wakati ufaao na aepuke kuugusa mwili wa mpinzani, kwani faulo tano humtoa mchezaji wa chuo nje ya mchezo.

Katika msimu wa kwanza, wa 2006-07, Thabeet alipata wastani wa pointi 6.2, ribaundi 6.4 na kuzuia mitupo 3.8 kwa kila mchezo. Timu ilishinda michezo 17 na kupoteza 14, na haikufuzu kwa mashindano ya Machi. Msimu wa pili, 2007-08, wastani wake ulipanda hadi pointi 10.5, ribaundi 7.9 na kuzuia mitupo 4.5. Connecticut ilirejea katika mashindano ya kitaifa lakini ikaondolewa katika raundi ya kwanza na Chuo Kikuu cha San Diego kwa pointi 70 kwa 69 katika muda wa ziada. Hata hivyo, makocha wa vyuo walimtangaza Thabeet kuwa mlinzi bora wa mwaka nchini kote.

Msimu wa tatu ndio uliokuwa kilele. Thabeet alipata wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na kuzuia mitupo 4.2. Alichaguliwa tena mlinzi bora wa mwaka, na akagawana tuzo ya mchezaji bora wa Big East na DeJuan Blair wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Timu ilishinda michezo 31 na kupoteza mitano. Katika mashindano ya Machi iliichapa Chattanooga 103 kwa 47, ikaishinda Texas A&M, kisha Purdue, kisha Missouri, na hatimaye ikafika nusu fainali ya taifa jijini Detroit. Hapo, mbele ya watazamaji zaidi ya 70,000, ilishindwa na Michigan State kwa pointi 82 kwa 73. Thabeet aliondoka chuoni akiwa amezuia mitupo 417 katika misimu mitatu, 24 pungufu ya Okafor.

Takwimu hizo, pamoja na uzito wake, hazisemi kila kitu. Hesabu huandika mitupo iliyozuiwa, lakini haiandiki ile ambayo haikutupwa kabisa. Mshambulizi aliyepenya hadi karibu na kikapu, akamwona Thabeet, akasita, kisha akaurudisha mpira nyuma, haonekani katika jedwali lolote. Ulinzi wa Connecticut ulijengwa juu ya woga huo. Wachezaji wafupi wa timu waliweza kuwakaba wapinzani kwa ukaribu mkubwa huko nje, wakijua kwamba hata wakipitwa kuna mlinda mlango nyuma yao.

Onyo la tarehe 16 Februari 2009

Itakuwa si haki kusimulia sifa tu. Tarehe 16 Februari 2009, siku Thabeet alipotimiza miaka 22, Connecticut ikiwa inashikilia nafasi ya kwanza nchini, iliikaribisha Pittsburgh katika mji wa Hartford. Blair, aliyekuwa mfupi kuliko Thabeet kwa takriban sentimita 20 ila mnene wa mwili na mwenye nguvu za fahali, alifunga pointi 22 na kunyakua ribaundi 23. Thabeet alipata pointi 5 na ribaundi 4. Katika kugombea mpira mmoja, Blair aliunasa mkono wa Thabeet na kumbwaga sakafuni kupitia begani, tukio lililorudiwa sana kwenye runinga. Pittsburgh ilishinda 76 kwa 68.

Mchezo huo ulifichua mambo mawili. Kwanza, mpinzani aliyekuwa tayari kumkaribia Thabeet kifua kwa kifua, badala ya kujaribu kumruka, aliweza kumwondoa katika nafasi yake. Pili, miguu na kiwiliwili cha kijana aliyeanza mchezo akiwa na miaka 15 vilikuwa bado havijajifunza kukita chini. Dalili za matatizo ya baadaye zilikuwapo, na waliotaka kuziona wangeweza kuziona. Lakini ikumbukwe pia kwamba Thabeet hakuporomoka baada ya siku hiyo. Mwezi uliofuata yeye na wenzake walifika miongoni mwa timu nne za mwisho nchini, hatua ambayo Pittsburgh haikuifikia.

Nambari mbili

Katika uteuzi wa NBA, timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Timu zilizofanya vibaya ndizo hupewa nafasi za mbele, na bahati nasibu hutumika kuamua ni ipi itangulie. Tarehe 25 Juni 2009, timu ya Los Angeles Clippers ilimchagua Blake Griffin wa kwanza. Memphis Grizzlies ikamchagua Thabeet wa pili. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi hiyo. Wa tatu alikuwa James Harden, na wa saba alikuwa Stephen Curry, ambao wote wawili baadaye walitangazwa wachezaji bora wa NBA.

Hapa ndipo kipimo cha pili kilipozaliwa. Tangu siku hiyo, Thabeet hakulinganishwa tena na alichokuwa akikifanya, bali na walichokifanya waliochaguliwa baada yake. Kila Harden alipofunga pointi 40, na kila Curry alipotwaa ubingwa, nambari mbili ya Thabeet ilizidi kuonekana kosa. Lakini nambari hiyo hakujipa mwenyewe. Ilikuwa ni uamuzi wa wakuu wa timu, na kosa la uamuzi, kama lilikuwapo, lilikuwa lao. Blair, aliyembwaga Hartford, alichaguliwa wa 37 katika uteuzi huohuo. Alicheza misimu kadhaa ya kadiri katika NBA na akasifiwa kwa kuzidi matarajio. Wachezaji hao wawili waliogawana tuzo moja mwezi Machi walipewa vipimo viwili tofauti mwezi Juni, na kila mmoja akahukumiwa kwa nambari yake.

Sheria zilizobadilika

Ili kuelewa kilichomsibu Thabeet huko Memphis, inafaa kulinganisha sheria za nyanja mbili. Tofauti ya kwanza na iliyo muhimu zaidi ni sheria ya sekunde tatu kwa mlinzi. Katika mchezo wa chuo, mlinzi anaweza kusimama chini ya kikapu muda wote apendao. Katika NBA, tangu msimu wa 2001-02, mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu haruhusiwi kukaa ndani ya eneo lililo mbele ya kikapu kwa zaidi ya sekunde tatu. Mlinda mlango wa Connecticut aliambiwa kwamba mlango hauruhusiwi tena kulindwa kwa kusimama. Alitakiwa aingie na kutoka, atoke na kuingia, kazi inayohitaji miguu myepesi kuliko mikono mirefu. Sheria hii haimo hata katika kanuni za kimataifa za FIBA, ambazo ndizo zinazotumika katika ligi zetu za Afrika Mashariki.

Tofauti ya pili ni ya vipimo vya uwanja. Eneo la mbele ya kikapu lina upana wa mita 3.66 katika vyuo, na mita 4.88 katika NBA. Msitari wa pointi tatu mwaka 2009 ulikuwa mita 6.32 kutoka kikapuni katika vyuo, ilhali NBA unafika mita 7.24. Uwanja ukitanuliwa hivyo, mlinzi mrefu hulazimika kuacha kikapu na kumfuata mpinzani mbali, na kila hatua ya kumfuata ni hatua ya kuacha mlango wazi. Tofauti ya tatu ni ya muda. Timu ya chuo ilikuwa na sekunde 35 za kushambulia kabla ya kutupa, NBA sekunde 24. Mchezo wa kasi humchosha mtu mwenye mita 2.21 kuliko mwingine yeyote.

Kuna jambo la nne ambalo si la sheria bali la bahati. Nafasi ya senta huko Memphis ilikuwa na mwenyewe, Marc Gasol, Mhispania aliyekulia katika mchezo huu na ambaye mwaka 2013 alitangazwa mlinzi bora wa NBA nzima. Kijana aliyehitaji kucheza ili ajifunze alijikuta nyuma ya mtu asiyeondoleka. Katika msimu wa 2009-10 Thabeet alicheza michezo 68 kwa wastani wa dakika 13 hivi, akipata pointi 3.1, ribaundi 3.6 na kuzuia mitupo 1.3. Mnamo Februari 2010 alipelekwa kwa muda katika timu ya Dakota Wizards ya ligi ya maendeleo. Hakuna mchezaji aliyechaguliwa katika nafasi ya juu kama yake aliyekuwa amepelekwa huko kabla ya wakati huo, na habari hiyo ikatangazwa kana kwamba ni adhabu, ilhali ligi hiyo iliundwa kwa ajili ya wachezaji wanaohitaji dakika za kujifunza.

Dakika hizo 13 zinastahili kutazamwa tena. Mchezo wa NBA una dakika 48. Mtu anayezuia mtupo mmoja na zaidi katika robo ya muda huo hajapoteza kipaji chake. Alichokosa ni mambo mengine yaliyotakiwa yaambatane na kipaji hicho: kupokea pasi ngumu, kufunga akiwa amebanwa na kumfuata mpinzani mwepesi mbali na kikapu. Mambo hayo ndiyo hasa ambayo wenzake walikuwa wameyazoea tangu utotoni.

Baada ya Memphis

Mnamo Februari 2011 Memphis ilimpeleka Thabeet Houston Rockets katika mabadilishano yaliyomleta Shane Battier. Mwezi Machi 2012 akahamishiwa Portland Trail Blazers. Kisha akajiunga na Oklahoma City Thunder, ambako katika msimu wa 2012-13 alicheza michezo 66 katika timu iliyoshinda mara 60. Majukumu yake yalikuwa madogo na alikubali kuyatekeleza. Aliichezea timu hiyo hadi mwaka 2014, ambapo safari yake ya NBA ilikoma. Kwa jumla alikuwa amecheza michezo 224, kwa wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7.

Mpira wa vikapu haukukoma. Alicheza katika ligi ya maendeleo huko Grand Rapids, kisha Japani katika timu ya Yokohama B-Corsairs msimu wa 2017-18, akarejea katika ligi ya maendeleo na timu ya Fort Wayne Mad Ants, na msimu wa 2020-21 alikuwa Taiwan, katika timu ya Hsinchu JKO Lioneers. Kijana aliyesemekana kuwa ameshindwa akiwa na miaka 23 alikuwa bado anaajiriwa kuucheza mchezo wake akiwa na miaka 33. Ni wachache mno miongoni mwa maelfu ya vijana wanaocheza katika vyuo vya Marekani wanaofikia hata mchezo mmoja wa NBA. Kwa mizani ya wengi hao, michezo 224 ni mavuno, si ukame.

Mafunzo kwa vijana na kwa lugha

Maisha haya yana funzo kwa kijana wa Afrika Mashariki anayeshawishiwa kwamba kimo chake ni tiketi. Kimo humfungulia mtu mlango, lakini ni mazoea ya miaka mingi yanayomwezesha kukaa ndani. Shule na vyama vya michezo vinavyosubiri hadi mtoto arefuke ndipo vimpe mpira vinamchelewesha. Vilevile, kijana anayepata ufadhili anafaa kuitazama miaka ya chuo kama sehemu halisi ya maisha yake, si kama chumba cha kusubiria NBA.

Lipo pia funzo la lugha. Vyombo vya habari vya Marekani vina maneno makali ya mkato kwa mchezaji asiyefikia nambari aliyochaguliwa nayo. Mwandishi wa Kiswahili anapoyatafsiri maneno hayo bila kuyapima, hupokea pia hukumu iliyomo ndani yake. Kuandika kwamba Thabeet alishindwa ni kuacha sentensi bila yambwa. Alishindwa nini, na kwa kipimo cha nani? Kiswahili kina uwezo wa kusema kwa haki zaidi kwamba hakufikia matarajio ya timu iliyomchagua. Sentensi hiyo inataja mwenye matarajio, na hivyo inaligawa jukumu mahali panapostahili.

Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba Hasheem Thabeet aliuanza mchezo kwa kuchelewa, akafika Connecticut na kuwa mlinzi bora wa vyuo kwa miaka miwili mfululizo, akaifikisha timu yake nusu fainali ya taifa, kisha akaingia katika uwanja ambao sheria, vipimo na nafasi vilimnyima kile hasa alichokifanya vizuri. Udhaifu wake ulikuwa wa kweli na hauna sababu ya kufichwa. Hata hivyo, udhaifu huo haufuti mitupo 417 iliyozuiwa, wala ile isiyohesabika ambayo haikuthubutu kutupwa. Storrs, umbali wa maelfu ya kilomita kutoka Dar es Salaam, palikuwa kwao kwa miaka mitatu, na hapo alicheza na akatunzwa.